Saa Inayohesabu Kama Sisi

Liban,

Nguo zako nimezipiga pasi, na kitambulisho kiko juu ya begi ili usikitafute kwa tochi kila kizuizi cha barabarani. Kuhusu maji, dawa na kupiga simu ukifika, unajua nitakachosema, kwa hiyo sisemi. Ninaandika kuhusu saa.

Umetoka kwenda kuagana na wenzako. Tungeweza kukaa tukazungumza, lakini sisi wawili, mama na mwanawe, tukizungumza mambo ya namna hii, wewe unatania na mimi nahoji, na mwishowe hakuna aliyemsikia mwenzake. Juzi uliniambia, "Hooyo, wewe ni karao tu, ni vile hukupewa bunduki." Nilicheka kwa sababu ulisema kweli. Ninakuandikia kwa Kiswahili, ingawa tunazozana kwa Kisomali, kwa kuwa Kiswahili ndicho nilichosomea habari redioni maisha yangu yote. Ndani yake najua kupima neno kabla halijatoka.

Uliileta saa ile wiki jana, ukaiweka kwenye sinia la chai kama mchezaji anayerudi nyumbani na kombe. Wewe uliona dhahabu kwanza. Nikueleze nilichoona mimi.

Haina mshale wa saa. Nusu ya juu ya uso wake ni anga la buluu, rangi nzito iliyochomwa kwa moto, isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Katika anga hilo kuna mwanya uliopinda kama upinde, na ndani yake jua dogo la dhahabu linatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Likizama upande wa kulia, mwezi unachomoza upande wa kushoto na kufuata njia ileile hadi alfajiri. Namba zimepangwa juu ya mwanya, na unasoma ile iliyo juu ya jua, au juu ya mwezi ikiwa ni usiku. Dakika zina mshale wake mwembamba chini. Kwa nyuma, kifuniko kimechongwa kwa mkono: msafara wa ngamia wanakwenda kisimani, na aliyechonga hakuacha kitu, mpaka kamba ya kibuyu cha maziwa ina misokoto yake. Haina betri. Unazungusha kitufe cha ubavuni kila siku, usipozungusha inalala.

Bei yake siijui na sikutaka kuijua. Nilichojua ni kwamba kitu cha namna ile hakipewi kijana ambaye bado hajafanya kazi hata asubuhi moja.

"Nani kakupa?" nikauliza.

"Abti Gedi."

Mimi sina ndugu anayeitwa Gedi, Liban. Abti ni ndugu wa mama, na ndugu zangu unawajua. Wawili wako makaburini, na mmoja yuko Griftu anagombana na ngamia wake. Haji Gedi ni mfanyabiashara wa sukari, mchele na vitambaa, ana stoo hapa Garissa na nyingine Liboi, na amekuajiri ukasimamie hiyo ya Liboi. Hilo ni jambo la heri na nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mtu akikupa kazi na siku hiyohiyo akajifanya ndugu yangu, nina haki ya kuuliza ndugu huyo alizaliwa lini.

Nikakuuliza tena, "Alikupa mbele ya nani?"

"Hooyo, kwani ilikuwa nikaha? Ilihitaji mashahidi?"

"Nauliza tu."

"Tulikuwa wawili kwenye gari. Akafungua kile kidroo cha mbele, akanipa. Akasema vaa, watu wa Liboi wajue wewe ni mtu wangu. Sasa hapo kuna kosa gani?"

Nilikusanya vikombe vya chai, nawe ukadhani nimeishiwa na maswali.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili usidhani sioni upande wako. Nimekuona ukipeleka vyeti vyako ofisi moja hadi nyingine mpaka pembe za karatasi zikalegea. Nimekuona ukikaa na vijana wenzako kibandani, mmejaa akili na hamna pa kuiweka. Alipotokea mtu mzima akakuita mtu wangu, neno hilo lilikuingia mahali ambapo mimi, kwa kukulisha na kukuombea, sikuwahi kufika. Naelewa. Ningekuwa na umri wako ningeivaa palepale garini.

Na kweli nilipokuwa na umri wako niliwahi kuvaa kitu kama hicho, ingawa hakikuwa cha mkononi. Nilikuwa mgeni redioni, na mheshimiwa mmoja alikuwa akienda Liboi kufungua kisima. Gari la ofisi lilikuwa limeharibika. Akasema, "Binti huyu atapanda na mimi." Nilikaa kiti cha nyuma, kiyoyozi kikivuma, nikala nyama kwenye sahani yake, nikarudi na kuandika habari nzuri ya kisima. Hakuniomba niandike chochote, ningekula kiapo kwa hilo. Baadaye sana nikaja kugundua kwamba safari nzima sikumuuliza mtu yeyote kama kisima kile kina maji. Lilikuwa swali la kwanza ambalo hata mbuzi angeuliza. Tangu hapo, mtu akinipa kitu, siangalii ataniomba nini. Naangalia ni swali gani nimeanza kuona haya kuliuliza.

Wala usidhani najivunia kushuku. Alipofariki baba yako, jirani yetu Mama Nuru alikuwa akituletea maziwa ya ngamia kila asubuhi. Nilikaa nikimchunguza: anataka kiwanja, anataka kuniozesha, anataka nimtafutie mwanawe kazi. Nilimchunguza mpaka akachoka kuja. Nilikuja kujua kwamba hakutaka kitu. Alikuwa mjane kama mimi, na asubuhi zilikuwa zikimshinda. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa ukiuliza mbona yule mama wa maziwa haji. Kwa hiyo najua kushuku kunaweza kumfukuza mtu mwema mlangoni. Ndiyo maana safari hii sikutosheka na kuhisi. Nilikwenda kutazama.

Ulipolala mchana wa Ijumaa nilichukua saa ile na kuisogeza dirishani. Yalikuwa yamebaki kama masaa mawili kabla ya adhana ya alasiri. Jua dogo lilikuwa limepita kidogo kilele cha upinde, sawa kabisa na jua la nje. Nikasoma namba iliyo juu yake. Saba na kitu.

Simu yangu iliandika moja na kitu.

Nikarudi kuzitazama namba zote. Upande wa kushoto, pale jua linapochomoza, pameandikwa kumi na mbili. Inafuata moja, mbili, tatu, sita iko kileleni, na kulia kabisa jua linapozama ni kumi na mbili tena. Sisi tumezoea kutazama saa ikituambia kumi na kusema ni saa nne. Mtoto wa darasa la kwanza anafanya hivyo bila kufikiri. Tumezoea kugeuza mpaka hatujui kwamba tunageuza. Na hapa nilikuwa nimeshika saa ya kwanza maishani mwangu isiyohitaji kugeuzwa. Ilihesabu kama tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapotoka.

Hakuna duka popote duniani linalouza saa hiyo. Hiyo iliagizwa. Mtu anayehesabu masaa kama sisi aliwaeleza mafundi wa mbali wampangie namba hivi, nao wakazichora na kuzichoma motoni kwa ajili yake peke yake.

Kisha nikaigeuza nyuma. Nilikwishaupenda ule msafara, lakini sikuwa nimeusoma. Wewe umekulia mjini na ngamia kwako ni ngamia. Mimi nimekulia visimani. Marehemu babu yako alikuwa akinisimamisha karibu na birika la kunyweshea na kunitaka nitaje mifugo inayokuja ni ya nani kabla wenyewe hawajaonekana, kwa kutazama chapa tu. Kila ukoo una chapa yake, inayochomwa kwa chuma cha moto shingoni au shavuni, na hakuna anayemchoma ngamia wake chapa ya mwenzake, kama vile huwezi kusajili gari kwa namba ya jirani. Ngamia wa mbele katika msafara ule ana chapa shingoni: duara, na chini yake mistari miwili inayoachana kama miguu ya mtu anayetembea. Fundi aliyechonga huenda alidhani ni pambo. Aliinakili kutoka kwenye picha, kwa uaminifu, kama alivyonakili ile kamba ya kibuyu.

Si pambo. Ni chapa ya familia moja ya upande wa Tarbaj. Nimewanywesha mbuzi wetu nyuma ya ngamia wenye chapa hiyo nikiwa mtoto, nikisubiri zamu mpaka miguu ikafa ganzi. Familia ya Haji Gedi haina chapa hiyo. Familia ya Haji Gedi, kwa kadiri ninavyojua, iliacha ngamia zamani na kuingia dukani.

Nikaenda kumwona. Hukuambiwa kwa sababu ungenizuia.

Nilimkuta kwenye stoo yake, nyuma ya magunia, anakunywa chai. Alinipokea vizuri, sitamsingizia. Hupenda kunisemesha kwa Kiswahili akisema anafanya mazoezi nami.

"Karibu, mama wa redio! Leo nimefanya makosa gani?"

"Bado. Nimekuja kushukuru."

"Wewe? Kushukuru? Wallahi leo mvua inanyesha Garissa." Akamgeukia karani wake. "Ondoa sukari nje, kijana, mvua inakuja!"

Tukacheka wote. Nikaitoa saa na kuiweka juu ya gunia la mchele. Nikamwambia ni zawadi kubwa mno kwa mtoto, na kwamba mama wa Kisomali hawezi kuipokea bila kujua imetoka wapi, asije akashindwa kuwajibu wanawake wenzake.

"Dubai," akasema. "Duka kubwa, kioo kila pahali. Nimenunua mwenyewe, na mkono hii."

"Na inakwenda sawa?"

"Inakwenda. Iko na makosa kidogo tu. Ukiweka namba sawa, mwezi inatoka adhuhuri. Ukiweka jua sawa, namba inapotea. Hata fundi ameshindwa. Mwambie Liban apeleke Nairobi siku moja." Akatoa simu mfukoni, akaishikilia kando ya saa. "Ona. Hapa simu inasema nne. Hii inasema kumi. Imepotea kabisa."

"Na sasa hivi ni saa ngapi, Haji?"

"Saa kumi," akasema, bila hata kupepesa.

Nikampa nafasi ayasikie maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia. Karani ndiye aliyeinua macho kutoka kwenye chai yake, kisha akayashusha haraka.

Basi fikiria pamoja nami. Aliyeiagiza saa hii angejua namba zake, maana alizilipia. Aliyeuziwa au kuzawadiwa na mwenyewe angeelezwa, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote angejivunia: tazama, hii inahesabu kama sisi. Haji Gedi hakuelezwa na mtu. Ilimfikia mikononi ikiwa kimya.

Inawezekana aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine. Vitu vingi mpakani hutembea hivyo, na si kila anayenunua ni mwizi. Lakini basi angesema hivyo. Hata kuona haya kununua kitu kilichokwishavaliwa naweza kuelewa. Yeye alisema Dubai, na duka, na mkono wake mwenyewe.

Nilipoinuka aliuliza, "Kijana anaivaa?"

"Bado."

"Mwambie avae. Kazi ya saa ni mkono, si sanduku. Liboi watu wanaangalia mkono ya mtu kabla ya uso."

Alitabasamu aliposema hivyo. Nimelitafakari tabasamu lile na sikuona ubaya ndani yake. Ndilo linalonisumbua. Wenye hatia niliokutana nao katika kazi yangu hawakuwa na nyuso za hatia hata kidogo. Wengi walinikaribisha chai.

Basi nikatafuta ile familia ya Tarbaj. Haikuwa kazi ngumu. Niliuliza watu wa Griftu, na kabla ya isha nilikuwa na namba ya simu ya mwanamke anayeitwa Khadija, anayeishi Wajir. Sikumwambia kwanza nataka nini. Nilimsalimu, nikamtajia babu yako na kile kisima cha utotoni, akanijua kwa upande wa babu. Nikamuuliza kama kuna mtu wa kwao aliyewahi kuwa na saa ya ajabu.

"Ile ya jua?" akasema mara moja. "Ilikuwa ya kaka yangu, Yussuf. Alifanya kazi Ughaibuni miaka mingi, akarudi na hiyo. Tulimcheka, walaal, ndugu yangu! Marehemu baba alisema, watu wanakwenda Ulaya kutafuta pesa, mwanangu amekwenda kununua jua, kana kwamba hapa tuna upungufu."

Alicheka, nikacheka naye.

"Anasema wale mafundi walimwandikia mara mbili kumuuliza kama hajakosea namba," akaendelea. "Akawajibu, nyinyi ndio mliokosea, siku inaanzaje usiku wa manane watu wamelala?"

Alimtaja kaka yake kama mtu aliye chumba cha pili. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Kwa nini unaniuliza habari ya saa?"

Nikauliza Yussuf yuko wapi. Nilikwishaanza kujua.

Yussuf aliporudi alinunua lori, akawa anachukua mizigo kati ya Liboi na Garissa. Siku moja aliswali alasiri Liboi, akawaaga watu, akaingia barabarani. Lori halikufika Garissa, halikuonekana Dadaab, halikukutwa kichakani. Familia ilikwenda polisi, ikaenda hospitali, ikawalipia watu petroli wakatafuta porini. Hakuna kiatu, hakuna shati. Mama yao alikufa akiwa bado anamwekea chakula. "Tulisema ikitokea ile saa tu," Khadija aliniambia, "tutajua pa kuanzia kuuliza. Nguo zinafanana, lori hupakwa rangi nyingine. Ile saa iko moja."

Nikamwambia iko nyumbani kwangu. Hakulia. Aliniuliza, "Inatembea?" Nikasema ndiyo, mwanangu anaizungusha kila siku. Akashukuru. Sijui alikuwa akinishukuru kwa nini.

Sasa nakuomba usome hapa polepole.

Sisemi Haji Gedi alimdhuru Yussuf. Sina ushahidi wa hilo, na hata kwako siwezi kusema nisichoweza kukisema hewani. Nasema mambo manne. Saa ni ya mtu aliyepotea kwenye barabara ya Liboi. Gedi ana stoo Liboi. Alidanganya alikoipata. Na anataka ionekane mkononi mwako, Liboi, na alikupa mkiwa wawili tu.

Kwa nini anataka ionekane, sijui. Labda ni majivuno tu. Labda ameikalia muda mrefu, haiuziki, haivaliki, na moyo wake umechoka nayo. Labda anataka ajue ni nani ataitambua. Nimejaribu kila jibu, na katika kila jibu kuna mtu mmoja anayebaki amesimama mahali pabaya, naye si Gedi. Siku mtu wa familia ile atakapokuona kwenye kizuizi cha barabarani umeinua mkono kutoa kitambulisho, hatakuuliza ulizaliwa lini. Atauliza saa hii umeipata wapi. Utasema kwa Abti Gedi. Gedi atasema, "Saa? Saa gani? Mimi nilimpa kazi." Mashahidi wako watakuwa nani? Mama yako mzazi, na karani anayekula kwa Gedi. Ukoo uliopoteza mtu utakuwa umepata pa kuanzia, na pa kuanzia ni wewe. Kisha wazee watakaa, na wazee wetu watakaa, na jina lako litazungumzwa katika kikao ambacho hukualikwa.

Najua utasema basi naiacha saa nyumbani, nakwenda kazini mkono mtupu. Nililiwaza hilo pia. Atakuuliza iko wapi. Utamwambia nini? Ukidanganya, utakuwa umeanza kazi kwa kumficha tajiri wako jambo analolijua kuliko wewe, katika mji ambao hujui mtu ila yeye. Ukisema kweli, utakuwa umeisema Liboi, peke yako, ndani ya stoo yake.

Siwezi kukufungia mlango. Ndevu umeota, na hata ningeweza nisingependa. Saa iko kwenye kabati langu, na ufunguo wa kabati nimeuweka juu ya karatasi hii. Gari lake litasimama nje alfajiri na kupiga honi kama alivyoahidi. Ukiamua kupanda, panda. Nitaamka nikufanyie canjeero ya kunywea chai na sitafungua mdomo ila kwa dua.

Lakini ujue mimi nitafanya nini, maana sipendi ulijue kwa wengine. Kesho jioni saa yenyewe inakwenda polisi, mikononi mwa Khadija na mimi. Baada ya hapo nitaandika habari ya Yussuf, yote, na nitaandika ilivyopatikana. Katika habari hiyo kuna jina lako. Sitaweza kulitoa, wala sitajaribu. Nimewaandika wana wa wanawake wengine bila kuwaficha, na siwezi kumficha wangu. Kinachobaki mikononi mwako ni sentensi tu. Inaweza kusema kijana aliyekutwa na saa alikuwa ameondoka kwenda kazini kwa mtu aliyempa. Inaweza pia kusema kijana alikaa, akaitoa kwa mkono wake, akamweleza dada wa mwenye saa mambo yote kama yalivyokuwa. Zote mbili nitazisoma kwa sauti ileile. Moja tu ndiyo itakayonipa usingizi.

Kazi utapata nyingine, au utachelewa kuipata. Sitakudanganya kwamba mlango mwingine uko wazi mahali fulani unakungoja. Ukikaa, kuna uwezekano ukarudi kibandani na wale wenzako, na watakucheka wiki nzima kwamba mama yako alikunyang'anya saa ya dhahabu. Waache wacheke.

Khadija anapanda basi Wajir alfajiri, wakati uleule gari la Gedi litakapokuwa likipiga honi hapa nje. Atafika alasiri. Kabla hatujakata simu aliuliza jambo moja. Hakuuliza juu ya Gedi wala polisi.

"Huyo kijana wako," alisema, "nitamkuta? Nataka kumwona aliyekuwa akiizungusha."

Nikamwambia, "Utamkuta."

Miaka yote hii redioni, ndiyo habari ya kwanza niliyoitoa kabla sijaithibitisha.

Hooyo